Maneno Kwanza, Joho Baadaye

Machi 4
Theluji ya uani imeanza kuyeyuka na matope yameingia mpaka jikoni. Mama mkwe amenigombeza kwa sababu ya viatu vyangu, kisha akapita hapo hapo na vyake.

Machi 6
Mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Asanaly, alikuja zahanati leo akiwa ameshika kofia mkononi, nikajua si kichwa kinachomuuma. Wilaya imeamua kuifunga zahanati ya Talarik ifikapo Julai. Wagonjwa wetu watakuwa wanavuka mlima kwenda hospitali ya mjini.

"Wanasema tuko wachache," akaniambia. "Eti muuguzi mzima kwa kijiji kama hiki ni anasa."

Muuguzi mzima ndiye mimi. Nilimpima shinikizo la damu. Lilikuwa juu. Langu nadhani lilikuwa juu zaidi.

Naililia kazi yangu, sitaficha, lakini zaidi naiwaza ile barabara. Anayeijua ilivyo mwezi wa Aprili, udongo unapoporomoka kutoka juu, hawezi kumwambia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa apande gari aende. Mzee Asanaly anasema tusikate tamaa. Naibu mkuu wa wilaya, Bwana Myrzakan, anakuja kusherehekea Nairuzi, mwaka wetu mpya, na sisi, na mzee ndiye atakayemweleza yote.

"Niachie mimi, Burul. Nimeanza kuhutubia watu wewe hujazaliwa."

Nilimshukuru, nikampa vidonge vyake.

Machi 15
Tumechambua ngano ya uji wa Nairuzi. Mgongo hauna hali.

Machi 22
Nairuzi ilikuwa jana, na bado nina hasira.

Kila kitu kilikuwa tayari. Uji wa ngano iliyochipua ulikuwa umekorogwa usiku kucha kwenye sufuria kubwa, mikate ya kukaanga imerundikwa mezani, na Bwana Myrzakan ameketishwa mahali pa heshima, hemani, akitazama mlango. Mzee Asanaly akasimama. Alimsalimia mgeni. Akawasalimia wazee wa kulia, kisha wa kushoto, kisha waliotangulia mbele ya haki. Akataja babu zetu saba kwa majina, na farasi wa mmoja wao, ambaye inaonekana alikuwa na mbio kuliko babu wote. Akausifu mwaka, akalisifu ziwa, akaisifu mvua ambayo haijanyesha bado. Watoto walichoka wakaenda kuteleza kwenye barafu.

Halafu akaita joho liletwe. Ni lile la mahameli ya buluu, ambalo wanawake wa kijiji tulilitarizi majira yote ya baridi. Akamvika mgeni, akamwekea na kofia ndefu nyeupe ya sufu kichwani, sote tukainua mikono kuomba baraka. Baraka ilipokwisha ndipo akasema, "Na kuna kale kajambo ka zahanati."

"Tutakaangalia," akajibu Bwana Myrzakan kutoka ndani ya joho letu, na uji ukaanza kugawiwa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu, mtu ukishamvika joho amekuwa mgeni wako na fahari yako. Humkaripii, humbani kwa maswali, huinui hata sauti. Mama mmoja alifungua kinywa, mumewe akamfinya. Sote tukala uji kimya kama watu waliotoka kumzika mtu.

Njiani kurudi nyumbani mama mkwe alitembea mbele yangu, akiruka madimbwi.

"Tumemvika, tumemlisha, tumemziba masikio," akasema.

"Lakini mzee ameongea vizuri, mama."

"Vizuri sana. Mpaka nikasahau tulikuwa tunataka nini."

Miaka yote hii nilidhani mama mkwe wangu, mama Sonun, ana neno moja tu duniani, nalo ni viatu vyangu.

Machi 24
Upepo kutoka ziwani. Wagonjwa wawili, wote mafua.

Machi 29
Tumepata nafasi nyingine. Mei 24 Bwana Myrzakan atakaa kwenye ukumbi wa shule yetu kuvisikiliza vijiji vya upande huu, na kila kijiji kitatoa msemaji. Wanawake wamekuja zahanati kwa kundi, wameziba mlango wote. Wanataka niseme mimi.

Niliwaambia wameota. Mimi ni mke wa nyumba ya watu. Nisimame mbele ya wazee wa ukoo wa mume wangu, nikiwa na kitambaa changu cheupe cha mke wa mtu kichwani, nipaze sauti? Nikawaambia nitamuuliza mama mkwe. Kusema kweli nilitegemea atakataa, na nilitamani akatae.

"Asanaly amewahi kumzalisha nani?" akauliza mama Sonun.

"Hajamzalisha mtu, mama."

"Basi aseme anayejua."

Mume wangu Kubat alicheka mpaka chai ikamtokea puani.

Aprili 5
Nimemaliza kuandika hotuba. Ni kurasa nyingi na ninajivunia. Nimeanza na historia ya zahanati tangu enzi ya shamba la pamoja, nikaja kwenye takwimu za chanjo, nikaja kwenye kilomita za kwenda mjini, nikarudi kwenye historia. Baada ya chakula cha mchana niliwasomea. Kubat alilala kabla sijafika kwenye chanjo. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye zulia lake la manyoya akisokota sufu, na nilipofika ukurasa wa pili alisimama, akaweka pia yake ya kusokotea chini, akatoka nje.

Nilimfuata mpaka kwenye banda la kuku.

"Mama, sijamaliza."

"Mimi nimemaliza."

"Nimekuudhi nini?"

"Hujaniudhi. Nilikuwa nangoja uniambie unataka nini. Nimengoja, nimengoja, nikawaonea huruma kuku."

Aprili 6
Mvua. Sikusema naye, naye hakusema nami. Lakini mezani aliniwekea ule upande wa mkate wenye ukoko, ambao anajua naupenda.

Aprili 9
Nilimwendea mwenyewe. Sikuwa na njia.

"Unataka nini?" akaniuliza. "Kwa pumzi moja."

"Nataka zahanati isifungwe."

"Basi sema hivyo."

"Mwanzoni kabisa? Bila hata kuwasalimia watu?"

"Salimia. Nani kakukataza kusalimia? Ila salamu si kufufua ukoo mzima."

Tumewekeana utaratibu. Yeye anakaa na kusokota, mimi nasimama mlangoni nahutubia. Akiendelea kukaa, ninaye. Akisimama, nimempoteza, na pale aliposimamia ndipo pa kukata. Leo amesimama kwenye takwimu za chanjo. Amesimama kwenye kilomita. Kwenye mwaka wa kujengwa zahanati hakusimama, nikafurahi, kumbe alikuwa amesinzia.

Aprili 13
Leo alikaa mpaka katikati. Nusu ya pili yote waliipata kuku.

Aprili 18
Mikono yangu bado inanuka dawa, lakini nataka kuandika kabla sijasahau mfuatano wake.

Tursunay, mke wa jirani yetu ng'ambo ya kijito, alikuwa apelekwe mjini wiki hii kungoja siku zake huko. Mvua haikumngoja. Jana asubuhi maji yalimwagika akiwa anakanda unga. Kubat alichukua gari kwenda kutazama njia, akarudi amelowa matope hadi kiunoni. Mlima umeshuka pale kwenye kona, barabara haipo. Akaniambia kwa sauti ndogo, mlangoni, ili Tursunay asisikie.

Kuzaa kwenyewe hakukuwa na shida. Mtoto wa kike, sauti kama ya mnadi, adhuhuri kamili. Nilimfunga kitambaa nikampa mamaye, nikaanza kucheka mwenyewe kwa furaha. Ndipo nikaona damu. Niliijua si damu ya kawaida kwa jinsi ilivyokuwa inakuja, bila pupa, bila kusita. Nikamchoma sindano ya kuzuia damu. Nikaanza kumkanda tumbo kwa nguvu, nikiwaza dawa iliyobaki kabatini, na jinsi ambavyo Julai hilo kabati halitakuwepo.

Sikumwita mama mkwe. Nilimwona tu amekwisha kuingia, mikono ya gauni imekunjwa, amekaa upande wa kichwani. Alimshika Tursunay mashavu.

"Niangalie mimi. Usifumbe macho. Mtoto huyu anaitwa nani?"

"Sijui..."

"Hujui? Umekaa naye miezi yote hiyo hujui? Nipe jina. Akiitwa kwa jina la mbuzi wangu utaniruhusu?"

"Hapana, shangazi," akasema Tursunay, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Basi nipe jingine. Hilo la mbuzi nimeshalishika, nakuambia."

Waliendelea hivyo, yule anaomba jina, huyu anakataa la mbuzi, na mimi nakanda, nakanda, mpaka nikahisi tumbo linakuwa gumu chini ya kiganja changu. Damu ikapungua. Ikawa kidogo. Ikakoma. Nilikaa sakafuni nikalia, na mama Sonun akanipa ncha ya kitambaa chake nifutie pua.

Namshukuru Mungu. Naishukuru ile sindano. Nawashukuru wote waliokijenga kile chumba cha zahanati karibu na kitanda cha Tursunay, wala sijui majina yao. Na mama mkwe wangu namshukuru kwa namna ambayo sijui nitamwambiaje.

Aprili 19
Nimelala mchana kutwa. Mtoto ananyonya vizuri. Hana jina bado, lakini si la mbuzi.

Aprili 26
Tulimpelekea Tursunay mchuzi wa kondoo. Rangi imemrudia. Tulipokuwa tunatoka mama mkwe akanishika kiwiko.

"Hotuba yako ile pale, imelala kitandani."

Nilimwambia haiwezekani. Niseme habari za uzazi wa mke wa mtu mbele ya wazee na wakwe zake? Nitamvunjia heshima. Akasema hilo si la kuamua mimi wala yeye. Kwa hiyo nilirudi ndani nikamuuliza mwenyewe.

Tursunay alimpigapiga mtoto mgongoni.

"Nitaje kwa jina, dada Burul," akasema. "Ukisema 'mwanamke mmoja', watadhani ni wa kijiji kingine."

"Huoni haya?"

"Naona. Lakini niko hai kuziona. Ila ya damu yasizidi, baba mkwe wangu atakuwa pale."

Mei 3
Sasa ina umbo. Salamu fupi. Tunachotaka. Tursunay. Kisha ombi, na hapo kwenye ombi ndipo nilipokuwa nagonga ukuta. Nilikuwa nimeandika, "Tunaomba mtusaidie." Mama mkwe hakusimama, lakini aliguna.

Kubat, ambaye nilidhani amelala, akasema akiwa amefumba macho, "Ukimwomba akusaidie, atakwambia atakusaidia. Umemaliza. Mwombe kitu ambacho jibu lake ni ndiyo au hapana."

Tumekipata pamoja, tukinywa chai. Zahanati isifungwe mpaka ujengwe ukuta wa kuzuia udongo pale kwenye kona. Nimemtazama mume wangu kama nilivyokuwa namtazama mwaka ule alipokuwa akinifuatafuata. Amelitatua hilo kwa sentensi tatu, na alikuwa hata hajakaa vizuri.

Mei 11
Baridi ya asubuhi imeunguza maua ya miaprikoti ya jirani, yetu imepona. Mama mkwe amekaa mpaka mwisho wa hotuba. Alisema tu pia ya kusokotea imejaa uzi.

Mei 17
Balaa. Mzee Asanaly amekuja na ratiba ya mkutano. Ya kwanza kabisa kwenye zamu yetu: kumkaribisha mgeni na kumvika joho jipya. Msemaji wa Talarik baada ya hapo.

"Mzee," nikasema, "tukimvika kwanza tutashindwa kumwambia lolote. Ni kama ile siku ya Nairuzi."

Uso ulimbadilika. "Siku ya Nairuzi ilikuwaje?"

Nilimsogezea mkate.

"Unataka mgeni akae bila heshima mbele ya vijiji vingine? Watasema watu wa Talarik wamekuwa wachoyo. Baba yangu hajawahi kumwacha mgeni bila joho, na mimi sitaanza leo."

Sikuweza kumchukia. Ni mzee huyu huyu aliyewahi kumbeba mgonjwa wangu kwenye farasi wake hadi ng'ambo ya theluji, akarudi na masikio yameungua kwa baridi. Anaipenda zahanati kuliko ninavyoipenda mimi. Ila hajui kumpokea mtu vibaya.

Mama mkwe alimmiminia chai kidogo kidogo, kama anavyomiminiwa mgeni wa heshima ili kikombe kirudi tena na tena.

"Joho lenyewe liko kwa nani, mwenyekiti?"

"Si mnalitarizi ninyi wanawake? Liko kwako, mama Sonun."

"Eh, kweli. Basi kunywa chai yako."

Mei 23
Kesho ndiyo siku yenyewe. Mama mkwe amesema nikalale, na kwamba viatu vyangu vya kesho amekwisha kuvifuta yeye. Sikuamini nilichosikia.

Mei 25
Nitaandika ya jana polepole.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Vijiji viwili vilitangulia, kila kimoja na babu zake saba. Zamu yetu ilipofika Mzee Asanaly akasimama, akamkaribisha mgeni vizuri sana, akanyoosha mkono na kusema, "Na sasa, joho!"

Hakuna aliyesogea. Mama Sonun alikuwa amekaa mstari wa mbele, joho lote limetandazwa magotini, sindano mkononi.

"Bado, mwenyekiti. Ukosi haujakamilika."

"Mama Sonun!"

"Unataka mgeni wetu avae sindano shingoni? Namaliza sasa hivi. Wengine waendelee, mimi nashona."

Watu walicheka. Bwana Myrzakan naye alicheka, akasema hana haraka, mama ashone kwa nafasi. Mzee Asanaly aligeuka mwekundu mpaka kwenye upara. Hakuwa na la kufanya, akaniita.

Nilisimama. Niliwaona wazee wa ukoo wa Kubat wote kwa safu, fimbo zao, ndevu zao, na maneno yote yakanitoka. Kisha nikamwona mama mkwe ameinamia ukosi, anasokomeza sindano, na nikaamua nitamwambia yeye, kama nilivyozoea.

"Wazee wangu, mama zangu, mgeni wetu, nawasalimu. Mimi ni Burul, muuguzi wa Talarik. Nimekuja kuomba zahanati yetu isifungwe."

Mama mkwe hakusimama.

Nikawaambia habari za Tursunay. Nilimtaja kwa jina. Nikasema alikuwa akikanda unga, na barabara ilikuwa imelala chini ya mlima, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kabati la dawa. Ya damu sikuyazidisha. Nilisema tu kwamba kama angekuwa njiani, leo tungekuwa na mtoto asiye na mama. Katikati ya hapo nilisahau kipande kizima nilichokuwa nimekiandaa kuhusu majira ya baridi. Nikanyamaza. Nikaona sindano ya mama mkwe imesimama hewani. Nilidhani sasa anainuka. Alikuwa ananisikiliza. Nilikiacha kile kipande kipotee, nikaenda kwenye ombi.

"Tunaomba jambo moja. Zahanati isifungwe mpaka ujengwe ukuta pale kwenye kona ya mlima. Bwana Myrzakan, tunaomba utuambie leo, hapa, ndiyo au hapana."

Nikakaa. Kubat ananiambia nilikaa kabla watu hawajajua nimemaliza.

Bwana Myrzakan alirekebisha tai yake. Alikuwa na suti yake ya kijivu tu, na bega lake halikuwa na chochote chetu. Alianza, "Suala hili, kama masuala mengine mengi..." Ndipo Mzee Asanaly akasimama. Mzee ambaye nilikuwa nimemuudhi, na mama mkwe amemwaibisha mbele ya watu, alisimama pale katikati na kofia mkononi.

"Mgeni wetu," akasema, "samahani sana. Nakuheshimu. Lakini binti ameuliza ndiyo au hapana."

Sijawahi kumsikia akisema maneno machache namna ile. Na nadhani hakuna mtu mwingine pale ambaye angeweza kuyasema yakaonekana ni heshima. Bwana Myrzakan alimtazama, akanitazama, akamtazama Tursunay aliyekuwa amekaa karibu na jiko la makaa na mtoto wake.

"Ndiyo," akasema. "Haitafungwa kabla ya ukuta. Hata hivyo, kulingana na..."

"Amesema ndiyo!" akapaza sauti Mzee Asanaly, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, hata wale wa vijiji vingine.

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. Mzee Asanaly akamvika mgeni joho kwa mikono yake miwili, akamkumbatia, na safari hii machozi yalikuwa yanamtoka. Nilimwendea baadaye kumwomba radhi. Akanikatiza.

"Acha hayo. Ila siku nyingine mniambie mapema, nijue kuchelewesha joho mwenyewe."

Mlangoni Bwana Myrzakan aliniuliza yule mama fundi ni nani. "Mama yangu," nikasema, na sikurekebisha.

Mei 26
Kulala tu.

Juni 9
Imethibitishwa: zahanati imo kwenye mpango wa mwaka ujao, na watu wa barabara wamekuja kuipima ile kona. Mtoto wa Tursunay amepewa jina, anaitwa Sonun. Mama mkwe amesema ni upuuzi kumpa mtoto jina la mtu mzima ambaye bado anakula, kisha akaenda kwa kina Tursunay na zulia dogo alilokuwa akilificha.

Jioni tulikaa uani tukichambua sufu. Akasema bila kuinua kichwa:

"Nikifa, anayeanza kunililia uwe wewe."

Nilikimbilia kipima shinikizo. Akanirudisha chini kwa kunivuta gauni.

"Siumwi. Napanga."

Kwetu mama akifa, wanaokaa hemani kumlilia kwa maneno, huku waombolezaji wakiingia mmoja mmoja, ni mabinti zake wa kuzaa. Mke wa mwana hukaa nyuma yao na kuitikia. Mama Sonun ana mabinti wawili mjini, na wote wana sauti nzuri kuliko yangu.

"Na mawifi zangu, mama? Watasemaje?"

"Wale watanisifu mpaka nyama ipoe. Wewe salimia watu, sema jambo moja la kweli, kisha wapishe."

"Jambo gani?"

"Mimi nitakuwa nimekufa, nitajuaje? Tafuta."

Akaingia ndani kuangalia chai. Nimekaa na kalamu tangu wakati huo nikilitafuta hilo moja, na siwezi kulipata, kwa sababu kila ninaposhika moja nakumbuka jingine.